Breki za seli zikikatika: Saratani huanza hivi, na muda wa kuizuia upo

Simu inatetemeka mfukoni. Umeongezwa kwenye kundi jipya la WhatsApp, na jina lake linakuambia yote kabla hujalifungua: ni la kuchangia bili ya hospitali. Picha ya kundi ni ya shangazi yako, ile aliyopigwa Krismasi akicheka. Chini yake kuna nambari ya Paybill, kiasi kinachotafutwa na tarehe ya mwisho.

Watu wanaanza kutuma. Mia tano. Elfu moja. "Mungu yupo." "Tuko pamoja." Halafu kule kwenye kundi dogo la mabinamu, minong'ono inaanza. Mmoja anasema amerogwa. Mwingine anasema ni hivi vyakula vya siku hizi. Wa tatu anauliza kama hii kitu inaambukiza, kisha anaufuta ujumbe wake haraka kabla mama hajauona.

Wewe unatuma ulicho nacho, unaandika "apone haraka" na kuweka simu chini. Lakini swali linabaki. Saratani ni nini hasa? Inaingia mwilini kupitia wapi?

Jibu la kushangaza ni kwamba haiingii. Inatoka ndani. Ni seli zako mwenyewe zilizoacha kufuata sheria za kunakili DNA na kugawanyika. Sheria hizo zinaeleweka, hata kama ulitoroka masomo ya Bayolojia. Na ukizielewa, utajua jambo ambalo minong'ono haisemi: safari ya saratani mara nyingi huchukua miaka mingi, na njiani kuna mahali pa kuisimamisha.

Fotokopi isiyolala

Mwili wako una seli takriban trilioni 30, na nyingi hazidumu. Ngozi hubanduka. Utando wa ndani ya utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Uboho ulio ndani ya mifupa yako hutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi ya milioni 2 kila sekunde, hata sasa ukiwa umekwama kwenye jam ya Thika Road.

Seli mpya hupatikana kwa njia moja tu: seli iliyopo inagawanyika na kuwa mbili. Kabla ya kugawanyika, ni lazima inakili DNA yake yote, kwa sababu kila moja ya zile mbili inahitaji kitabu kamili cha maagizo.

Na kitabu chenyewe si mchezo. Kimeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, lakini kila seli hubeba herufi zaidi ya bilioni 6. Ukiunyoosha uzi wa DNA kutoka kwenye seli moja, utapata urefu wa mita 2 hivi. Uzi huo wote umekunjwa ndani ya kiini kidogo kisichoonekana kwa macho, ukiwa katika vipande 46 vinavyoitwa kromosomu.

Mashine ya seli inayonakili DNA hupita herufi 50 hivi kwa sekunde, wakati mwingine chini ya hapo. Piga hesabu. Kromosomu yako ndefu kuliko zote ina herufi karibu milioni 250. Mashine ikianza mwisho mmoja, itafika upande wa pili baada ya karibu miezi miwili. Lakini seli ya binadamu huzinakili kromosomu zote 46 kwa saa 8 hivi.

Inawezaje? Haianzi mahali pamoja. Hufungua makumi ya maelfu ya vituo kwenye uzi wa DNA, na kila kituo kinanakili kipande chake. Ni kama nyinyi darasani mlipogawana kitabu cha kuazima: huyu kurasa kumi, yule kurasa kumi, na jioni kila mtu ana noti kamili.

Ujanja huo una hatari yake. Wewe unajua mlivyoteseka mtu mmoja aliposahau sehemu yake, au wawili walipoandika kurasa zilezile. Seli nayo ikisahau kituo kimoja, seli mpya inazaliwa na kitabu kilichochanika. Kituo kimoja kikinakili mara mbili, kuna kurasa za ziada zisizotakiwa. Makosa yote mawili yanaweza kuwa mwanzo wa saratani.

Tiketi moja, safari moja

Umewahi kusafiri hadi Mombasa kwa basi la usiku? Tiketi unakata mapema, ofisini. Saa ya kuondoka ikifika, unapanda, tiketi inachanwa na ofisi inafungwa. Huwezi kuitumia tena tiketi ile, na huwezi kukata nyingine mkiwa tayari mmefika Mtito Andei.

Seli hufanya vivyo hivyo. Wakati bado inajitayarisha, kila kituo cha kunakili hupewa leseni. Leseni yenyewe ni pete ya protini iitwayo MCM, inayovishwa kwenye uzi wa DNA. Kisha protini nyingine, CDK, inatoa amri ya "twende". Pete zinaamka, uzi unafunguka kama zipu na kazi inaanza.

Amri hiyohiyo ya "twende" ndiyo inayofunga ofisi ya leseni. Protini zinazotoa leseni huvunjwa au kufukuzwa kwenye kiini, na inayobaki hushikwa na mlinzi anayeitwa jeminini. Hakuna kituo kinachoweza kupata leseni ya pili hadi seli imalize kugawanyika. Kila herufi inanakiliwa mara moja, basi.

Je, na makosa ya uandishi? Yapo. Mashine ya kunakili hukosea takriban mara moja kwa kila herufi laki moja. Kwa kitabu cha herufi bilioni 6, hayo ni makosa 60,000 kila mara seli inapogawanyika. Hatungefika hata siku ya kuzaliwa.

Ndiyo maana mashine ina kifutio. Ikiweka herufi isiyofaa, inarudi nyuma, inaiondoa na kujaribu tena. Nyuma yake kunapita kikosi kingine kinachokagua kilichoandikwa na kurekebisha. Mwishowe kosa moja hivi ndilo linalobaki kwa kila herufi bilioni moja, au hata chache kuliko hapo. Sema ukweli, hakuna saiba mjini yenye kazi safi kiasi hicho.

Neno letu kwenye maabara za Nobel

Haya yote yamejulikanaje? Hapa kuna hadithi ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili anafaa kuijua.

Mwaka wa 1893, mwanasayansi Paul Lindner alikuwa akichunguza pombe ya kienyeji ya nafaka kutoka Afrika Mashariki. Ndani yake alipata hamira ya aina ambayo haikuwa imeelezwa. Ikapewa jina Schizosaccharomyces pombe. Neno hilo la mwisho si Kilatini wala Kijerumani. Ni pombe, ileile unayoijua.

Miaka ya 1970, Mwingereza Paul Nurse alikuwa Edinburgh, Scotland, akiitazama hamira hiyo kwa hadubini. Ina umbo la kijiti. Hurefuka hadi kipimo fulani, kisha hukatika katikati na kuwa mbili. Nurse akaona baadhi ya seli zinagawanyika kabla ya kufika kipimo, zikiwa ndogo kupita kiasi. Maana yake ilikuwa wazi: ndani ya seli kuna kitu kinachoamua lini wakati umefika, na katika seli hizo kitu hicho kimeharibika. Kazi hiyo ilimfikisha kwenye jeni iitwayo cdc2.

Mwaka wa 1987, Nurse na mwenzake Melanie Lee wakatangaza jambo la ajabu. Walichukua hamira ambayo cdc2 yake ilikuwa mbovu, isiyoweza kugawanyika, wakaitia jeni za binadamu. Jeni moja ya binadamu ikaziba pengo. Hamira ikaanza tena kugawanyika kama kawaida. Sisi na hamira tuliachana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, kumbe bado tunatumia swichi moja. Protini inayotokana na jeni hiyo ndiyo CDK ya kwanza kujulikana, na ni ya ukoo uleule unaosema "twende" ndani ya seli zako.

Wakati huohuo, Mmarekani Leland Hartwell alikuwa akitumia hamira ya mikate, hii inayofurisha mahamri. Alitambua jeni nyingi zinazoongoza mgawanyiko, na akaonyesha kwamba seli ina vituo vya ukaguzi: DNA ikiharibika, kazi inasimama hadi irekebishwe. Naye Tim Hunt, mwaka wa 1982, akichunguza mayai ya yule kiumbe wa baharini mwenye miiba ambaye watu wa Pwani huogopa kumkanyaga, aliona protini inayojaa na kutoweka kila mara yai linapogawanyika. Hiyo ndiyo inayoiwasha CDK kwa zamu.

Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka wa 2001. Kwa hiyo msee akikuambia kwamba Kiswahili hakina pahali kwenye sayansi, mwambie kiliingia kitambo, tena ndani ya chungu cha pombe.

Maaskari wawili langoni

Vituo vya ukaguzi vinahitaji maaskari. Wawili kati yao ni muhimu kuwajua kwa majina.

Wa kwanza ni Rb. Anasimama langoni, pale seli inapoamua kuanza kunakili DNA au kutulia. Bila amri halali, Rb hafungui. Jina lake linatokana na saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, ambako kukosekana kwake kuligunduliwa.

Wa pili ni p53. Huyu hukagua hali ya DNA yenyewe. Ikiwa imevunjika au kuchomwa na kemikali, p53 husimamisha kila kitu na kuita mafundi. Mafundi wakishindwa, hutoa amri kali: seli ijiue. Ndiyo, seli zako hujiua ili wewe uishi. Mwaka wa 1992 mwanasayansi David Lane alimwita p53 mlinzi wa jenomu, na jina likashika. Katika karibu nusu ya saratani zote za binadamu, jeni ya askari huyu hupatikana imeharibika.

Ukitaka kujua thamani yake, watazame ndovu wa Amboseli au Tsavo. Ndovu ana seli nyingi kuliko wewe kwa mbali, na huishi miongo mingi. Kwa hesabu ya kawaida angekuwa akiugua saratani kila mara, lakini ni nadra. Mwaka wa 2015 watafiti walieleza sababu moja inayowezekana: katika ndovu wa Afrika, jeni ya p53 imejirudia karibu mara 20. Sisi tunayo moja, kwa nakala mbili, ya mama na ya baba.

Mguu kwenye mafuta, breki hakuna

Sasa tuko tayari kurudi kwa shangazi. Seli huwa ya saratani kwa njia mbili, kama matatu inavyoweza kuua: mguu wa dereva kukwama kwenye mafuta, au breki kukatika. Mara nyingi ni yote mawili, tena kwa awamu. Kosa moja halitoshi. Ni lazima makosa kadhaa yakusanyike ndani ya seli moja na vizazi vyake.

Mfano wa mafuta kukwama uligunduliwa hapa jirani. Mwaka wa 1958, daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alieleza kuhusu watoto waliokuwa na uvimbe wa taya uliokua kwa kasi ya kutisha. Saratani hiyo, ambayo sasa inaitwa limfoma ya Burkitt, huonekana zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi, ukiwemo ukanda wa Ziwa Victoria. Mwaka wa 1964, virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa ndani ya seli zake.

Baadaye ikajulikana kinachoharibika. Jeni iitwayo MYC, ambayo huihimiza seli inakili na kugawanyika, hukatika kutoka kromosomu ya 8 na mara nyingi hujibandika kwenye kromosomu ya 14, kando ya jeni ambayo katika seli hizo haizimwi. MYC nayo haizimwi tena. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Habari njema ni kwamba kasi hiyo huifanya iumizwe sana na dawa, na mtoto anayefikishwa hospitalini mapema ana nafasi nzuri ya kupona.

Virusi vinavyotaka fotokopi ya bure

Mfano wa breki kukatwa unatuhusu sisi sote. Saratani ya mlango wa kizazi ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake Kenya baada ya ile ya matiti. Kwa makadirio, inaua wanawake zaidi ya 3,000 nchini kila mwaka. Karibu kila mara husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huenea kwa kugusana wakati wa ngono na ambavyo watu wengi walio na wapenzi huvipata wakati fulani maishani. Virusi haviangalii tabia ya mtu.

Angalia vinavyofanya kazi. HPV haina mashine yake kamili ya kunakili DNA, hivyo hutegemea ya seli. Lakini seli zinazokomaa kwenye utando ule hustaafu na kuzima mashine. Virusi vimefika saiba, vimekuta mlango umefungwa.

Basi vinatengeneza protini mbili. Ya kwanza, E7, humshika Rb na kumwondoa langoni. Mashine inawashwa bila amri. Hapo p53 angeshtuka na kuiamuru seli ijiue, kwa hiyo protini ya pili, E6, inampeleka p53 kwenye mtambo wa seli wa kusaga protini. Maaskari wote wawili wameondolewa. Virusi havina nia ya kukupa saratani. Vinataka fotokopi ya bure tu. Lakini vinaacha nyuma seli inayonakili DNA bila mkaguzi, na kila mzunguko unaongeza makosa.

Mara nyingi kinga ya mwili huvifukuza virusi hivi ndani ya mwaka mmoja au miwili, na mtu hata hajui kama vilipita. Vikibaki, safari hadi saratani kamili huchukua miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga imara. Kwa mwenye kinga dhaifu, mfano anayeishi na VVU bila matibabu, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Soma tena hiyo miaka. Shangazi aliyeambiwa mwaka huu kwamba ana saratani, pengine seli yake ya kwanza ilipoteza breki wewe ukiwa shule ya msingi. Katika muda wote huo, vipimo vingeweza kuiona.

Na mabro, msijitoe hapa. HPV huleta pia saratani za koo, uume na njia ya haja kubwa.

Ganda tupu

Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Uvumi nao ukaanza siku hiyohiyo: ati ni ya kuwafunga wasichana uzazi, ati inaleta saratani yenyewe.

Sasa una maarifa ya kujibu. Ndani ya chanjo hiyo mna ganda la nje la virusi tu, protini iliyojikunja kama mpira mtupu. Hamna DNA ya virusi. Hamna E6 wala E7. Hakuna cha kumwondoa Rb wala cha kumsaga p53. Ganda hilo ni kama picha ya mshukiwa inayobandikwa kituoni, ili kinga ya mwili imjue siku akija. Na Gardasil, mojawapo ya chanjo hizo, hutengenezwa kwa kutumia hamira ya mikate. Hamira imetufaa tena.

Kwa nini miaka 10? Kwa sababu chanjo huzuia virusi kuingia, haiviondoi vikishaingia. Inafaa zaidi kabla msichana hajakutana navyo. Mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani lilisema wasichana na wanawake wa kati ya miaka 9 na 20 wanaweza kupewa dozi moja au mbili.

Kwa waliovuka umri huo kuna uchunguzi. Mwongozo wa Kenya unawalenga hasa wanawake wa miaka 25 hadi 49, na wanaoishi na VVU wanahitaji kupimwa mara nyingi zaidi. Njia moja hutumia kitu kilicho jikoni kwenu: siki iliyochanganywa na maji. Muuguzi huipaka kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye seli zenye kasoro hugeuka nyeupe. Inaweza kugandishwa au kuchomwa kabla haijawa saratani, mara nyingine siku hiyohiyo. Ni dakika chache zisizo na starehe, lakini ukizilinganisha na kundi la WhatsApp la kuchangisha pesa, chagua mwenyewe.

Mbona dawa hung'oa nywele?

Labda umemwona mgonjwa amefunga kitambaa kichwani ukajiuliza. Dawa nyingi za kemotherapi huvizia kazi ya kunakili. Cisplatin, inayotumika pia kwa saratani ya mlango wa kizazi, hufunga pamoja herufi za DNA ili mashine ikwame. Nyingine, fluorourasili, huinyima seli herufi T. Seli inayonakili mbiombio ndiyo inayoumia kwanza.

Shida ni kwamba dawa haimjui mwizi kwa sura, inamjua kwa mbio. Mizizi ya nywele, utando wa utumbo na uboho pia hugawanyika haraka. Ndiyo sababu nywele hutoka, tumbo huchafuka na kinga hushuka. Nywele zikitoka, usifikirie saratani imezidi. Ni athari ya dawa, na kwa kawaida nywele huota tena.

Dawa mpya zinalenga swichi yenyewe. Palbociclib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2015 kwa aina fulani za saratani ya matiti, huzima CDK mbili ambazo kazi yao ni kumlegeza Rb langoni. Lango linabaki limefungwa. Kutoka chungu cha pombe hadi kidonge hicho ni zaidi ya miaka 120. Kwa familia nyingi bei ndiyo kizuizi kilichobaki.

Na wewe je?

Huwezi kuzuia kila kosa. Mengine hutokea tu, kwa sababu mwili unanakili herufi mabilioni kila siku. Kuna watu hawajawahi kuonja sigara wala pombe na bado wakaugua. Kwa hiyo usimuulize mgonjwa alifanya nini. Lakini idadi ya makosa unaweza kuipunguza, na maaskari wako unaweza kuwasaidia.

Moshi wa sigara una kemikali zinazojibandika kwenye DNA hadi mashine isome vibaya. Pombe mwilini hugeuzwa kuwa asetaldehaidi, inayoharibu DNA. Naam, hamira ya pombe ilitufunza saratani, na pombe yenyewe huichangia. Hata chai ina neno: mwaka wa 2016 shirika la IARC lilisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 pengine husababisha saratani ya umio, ambayo inaua Wakenya wengi. Umio ukiungua kila asubuhi, seli zake hulazimika kugawanyika kila mara kuziba majeraha, na kila kunakili ni nafasi nyingine ya kukosea. Chai haijakatazwa. Ipoze kidogo.

Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B, kwa sababu virusi vyake huleta saratani ya ini. Ukiona uvimbe usioisha hata kama hauumi, damu mahali isipofaa, au kidonda kisichopona, usingoje likizo ya Desemba. Nenda kliniki.

Sasa chukua simu yako urudi kwenye lile kundi la mabinamu. Yule anayesema amerogwa, mwambie ni breki za seli zilizokatika. Aliyeuliza kama inaambukiza, mwambie saratani yenyewe haiambukizi, akamkumbatie shangazi bila woga. Virusi vya HPV ndivyo huambukiza, na vina chanjo. Halafu yule binamu mwenye binti wa miaka 10, muulize hapohapo kama mtoto ameshachanjwa. Akisema bado, mtumie jina la kliniki iliyo karibu naye, na wiki ijayo muulize tena.